Kabla ya kununua bando, jengeni upya faharasa ya kurasa za mwongozo

Mhariri,

Mwanafunzi wa kompyuta katika chuo cha kiufundi, awe Nakuru, Kisumu au Kakamega, akisahau jinsi amri fulani ya mfumo wa kompyuta wa Linux inavyotumiwa, hutoa simu mfukoni na kununua bando. Mashine iliyo mbele yake imejaa kurasa za mwongozo, zinazofunguliwa kwa amri ya man. Hazihitaji intaneti, na zinaeleza toleo lile lile la programu lililosakinishwa humo, si toleo la miaka mitano iliyopita ambalo mtu wa mbali alilielezea kisha akalisahau. Mwanafunzi hazisomi kwa sababu siku ya kwanza alipojaribu kutafuta, kompyuta ilimjibu "nothing appropriate", yaani hakuna kinachofaa, naye akaamini.

Kurasa zimo. Faharasa yake ndiyo haimo, au imo lakini imepitwa na wakati. Ninawaomba wakufunzi na wasimamizi wa maabara za eneo letu la magharibi na Bonde la Ufa waijenge upya kabla muhula haujafunguliwa. Kazi yenyewe ni ya dakika chache kwa kila mashine, na ikienda mrama kuna sababu zinazojulikana, nitakazozieleza hapa moja moja.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kurasa zenyewe hukaa kwenye saraka (yaani folda) ya /usr/share/man, zikiwa zimebanwa kwa gzip na kugawanywa katika sehemu nane. Sehemu ya 1 ni amri za mtumiaji wa kawaida, ya 2 na ya 3 ni za waandishi wa programu, ya 4 ni faili maalumu za vifaa, ya 5 ni miundo ya faili za mipangilio, ya 6 ni michezo, ya 7 ni mambo mchanganyiko na ya 8 ni amri za msimamizi wa mfumo. Faharasa ni kitu kingine na hukaa kwingine: kwenye Debian na Ubuntu, ambazo ni aina mbili za Linux, ni faili iitwayo index.db ndani ya /var/cache/man. Programu inayoijenga ni mandb. Hupita ukurasa baada ya ukurasa, husoma mstari ulio chini ya kichwa NAME, kisha huandika jina la amri, namba ya sehemu na maelezo yale mafupi. Amri ya apropos, ambayo ni sawa na kuandika man -k, haifungui ukurasa hata mmoja. Husoma faharasa tu. Ndiyo maana "man ls" inaweza kufunguka vizuri kabisa huku apropos ikidai haijui lolote.

Mgeni anayeingia soko la Kibuye siku ya Jumapili akitafuta spoku za baiskeli hapiti kibanda kwa kibanda. Huuliza pale mlangoni. Aliye mlangoni akiwa hajui, spoku hazijatoweka sokoni.

Mpango huu una umri. Mwongozo wa kwanza wa Unix, mfumo ambao Linux inaufuata, uliotayarishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani, una tarehe ya 3 Novemba 1971. Ulikuwa kitabu cha kuchapishwa, na toleo la saba la mwaka 1979 lilikuwa na faharasa ambamo kila neno muhimu la mstari wa NAME lilipata zamu ya kupangwa kialfabeti. Masharti ya mstari ule mmoja yametoka huko kwenye karatasi, na hadi leo ukurasa usioyatimiza hauingii kwenye faharasa.

Sasa uchunguzi. Fungua terminali uandike:

man -w ls

Ikijibu /usr/share/man/man1/ls.1.gz, ukurasa upo. Kisha:

whatis ls

Jibu sahihi ni "ls (1) - list directory contents". Ukipata "ls: nothing appropriate." ilhali amri ya kwanza ilikupa njia ya faili, basi tatizo ni faharasa. Amri ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu inatoa namba:

apropos . | wc -l

Nukta hapo ni alama inayolingana na herufi yoyote, hivyo apropos hutaja kila kilichomo, na wc huhesabu mistari. Mashine mbili zilizosakinishwa kwa njia moja zinapaswa kutoa namba zinazokaribiana. Moja ikitoa elfu kadhaa na jirani yake ikatoa arobaini, umeshaijua mgonjwa.

Dawa ni hii:

sudo mandb -c

Herufi c humwambia mandb aache kurekebisha faharasa ya zamani, aijenge kutoka mwanzo. Kwenye diski za kuzunguka, zile za mashine za mitumba ambazo maabara zetu nyingi zinazo, itachukua dakika kadhaa, iache imalize. Mwishoni itataja idadi ya saraka ndogo zilizokuwa na kurasa mpya, idadi ya kurasa zilizoongezwa, kisha mstari unaowashangaza wanafunzi: "0 stray cats were added". Hao si paka. Zamani, kwa kuwa kompyuta zilichukua muda kupanga ukurasa, nakala iliyokwisha kupangwa ilihifadhiwa kwenye saraka zenye majina cat1, cat2 na kuendelea. Nakala ya namna hiyo ambayo chanzo chake hakipo tena ndiyo huitwa hivyo. Sifuri hapo ni jibu zuri.

Bila sudo, mtumiaji wa kawaida hana ruhusa ya kuandika ndani ya /var/cache/man, kwa hivyo faharasa ya mfumo hubaki ilivyokuwa hata kama skrini imeonyesha mistari mingi. Wengi hukwama hapo, wakidhani wameshatengeneza.

Ikiwa jibu la amri ya kwanza lilikuwa "No manual entry for ls", au ujumbe unaosema mfumo umepunguzwa, basi kurasa zenyewe hazimo na kujenga faharasa hakutasaidia. Hali hii ni ya kawaida kwenye Ubuntu iliyosakinishwa kwa mtindo wa kupunguzwa na kwenye kontena, yaani mfumo mdogo unaoendeshwa ndani ya mwingine. Humo kuna faili ndani ya /etc/dpkg/dpkg.cfg.d inayoitwa excludes, na mstari wake mmoja huamuru kila kitu cha /usr/share/man kiachwe wakati wa kusakinisha. Ukisakinisha pakeji leo, kesho na keshokutwa, kurasa zake hazitaingia kamwe, na hakuna onyo litakalotolewa. Njia safi ni kuendesha amri ya unminimize kwa sudo. Kwenye baadhi ya matoleo mapya ni lazima uisakinishe kwanza kwa apt, programu ya kusakinisha pakeji. Huondoa katazo lile na kupakua upya pakeji ambazo kurasa zake zilitupwa. Hapo intaneti inahitajika, na ni nyingi kiasi.

Katika maabara yenye mashine thelathini na laini moja ya intaneti, usifanye hivyo mara thelathini. Fanya kwenye mashine moja, kisha ubebe kurasa kwa flashi:

sudo tar -C /usr/share -cf /media/flashi/man.tar man

Badala ya /media/flashi weka njia halisi ya flashi yako. Sikuweka herufi z ya kubana kwa sababu kurasa zimeshabanwa. Kubana mara ya pili hupoteza muda na hakupunguzi kitu. Kwenye mashine inayopokea:

sudo tar -C /usr/share -xf /media/flashi/man.tar

Kisha sudo mandb -c. Kwa nini tar, badala ya kuburuta folda kwa kipanya? Flashi nyingi zimeumbizwa kwa FAT32, ambayo haihifadhi viungo, na kurasa nyingi za mwongozo ni viungo tu vinavyoelekeza kwenye ukurasa mwingine. Ukiburuta, viungo hivyo hupotea njiani. Ndani ya tar vinasafiri salama. Hata hivyo baadhi huelekeza /etc/alternatives, na kama mashine inayopokea haina programu hiyo, mandb itaonya kuwa kuna "dangling symlink", yaani kiungo kinachoning'inia bila kushika kitu. Onyo hilo halina madhara, endelea.

Usinakili index.db yenyewe kutoka mashine moja hadi nyingine ukidhani umeokoa muda. Ni hifadhidata ya gdbm, na muundo wake hutegemea aina ya kichakataji: iliyojengwa kwenye mashine ya biti 64 haisomeki kwenye ile ya biti 32 ambayo bado inahudumu kwenye kona ya maabara. Kila mashine ijijengee yake. Na jambo moja zaidi kuhusu kubeba kurasa: mashine iliyopokea iwe na toleo lile lile la mfumo na iliyotoa, vinginevyo utakuwa umepoteza ile faida ya mwongozo kulingana na programu iliyomo.

Nije kwenye umeme, kwani mvua za radi za jioni kandokando ya ziwa hazimsubiri mtu amalize kazi. mandb hujenga faharasa kwenye faili ya muda ndani ya /var/cache/man, yenye jina la namba tupu, na ikishamaliza ndipo huipa jina la index.db. Umeme ukikatika katikati, faharasa ya zamani kwa kawaida husalimika, lakini faili ile ya namba hubaki imelala hapo. Ukiona ujumbe unaosema "index cache" fulani ni "corrupt", angalia kwanza nafasi ya diski kwa df -h /var, maana diski iliyojaa huleta dalili ile ile. Kisha tazama kilichomo kwa ls -l /var/cache/man, futa faili zenye majina ya namba tupu wakati hakuna mandb inayoendelea, na ujenge upya kwa -c. Saraka zenye majina ya lugha au namba zilizounganishwa na neno cat ziache.

Kwenye Debian na Ubuntu kuna saa ya systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, iitwayo man-db.timer inayoamsha kazi hii kila siku. Mashine ikiwa imezimwa saa yake ilipofika, kazi hufanyika ikishawashwa tena, kwa hivyo maabara inayofungwa jioni haina hasara. Tatizo lipo kwa kompyuta za mapajani: huduma hiyo imewekewa sharti la kutoanza ikiwa mashine inatumia betri. Mwanafunzi anayechaji bwenini usiku huku mashine imezimwa, kisha akafanya kazi kutwa kwa betri, anaweza kukaa wiki nyingi bila faharasa yake kuguswa na saa hiyo. Aiendeshe kwa mkono mara moja kwa wiki. Hali ya saa hiyo huonekana kwa:

systemctl list-timers man-db.timer

Kuna pia faharasa zilizozimwa na watu wenyewe. Anayesakinisha programu kwa apt huona mwishoni mstari "Processing triggers for man-db", na kwenye mashine dhaifu au kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inayotumia kadi ya kumbukumbu, hapo ndipo kila kitu husimama. Watu hutafuta ushauri, huambiwa wafute faili /var/lib/man-db/auto-update, na kweli kasi hurudi. Kuanzia siku hiyo, kila programu inayosakinishwa huingia na kurasa zake bila kusajiliwa papo hapo. Mimi siwalaumu, ukiwa unasakinisha pakeji mia mbili kwenye mashine thelathini, hata mimi ningeshauri uizime kwanza. Ila kazi ikiisha, endesha mandb mara moja na uirudishe faili ile:

sudo touch /var/lib/man-db/auto-update

Kosa lingine liko ndani ya .bashrc, faili ya mipangilio ya terminali ya mtumiaji. Mwongozo wa kusakinisha programu fulani humwambia mwanafunzi aongeze mstari wa kuweka MANPATH, yaani orodha ya saraka ambamo man hutafuta kurasa, iwe /opt/kitufulani/man. Akishafanya hivyo, man na apropos huacha kabisa kutazama /usr/share/man, kwa kuwa MANPATH iliyowekwa hivyo hufuta orodha ya kawaida badala ya kuiongeza. Atoe amri ya manpath peke yake; ikionyesha njia moja tu ya ajabu, mchawi ni huyo. Akitaka kuongeza bila kufuta, aanze thamani kwa nukta mbili: :/opt/kitufulani/man.

Watumiaji wa Fedora watapata mandb ile ile, isipokuwa mipangilio iko /etc/man_db.conf wakati Debian inaiweka /etc/manpath.config. Alpine hutumia mandoc, na mjenzi wa faharasa huko huitwa makewhatis. Kurasa huja kwenye pakeji za pembeni zenye majina yanayoishia na -doc. OpenBSD ni makewhatis pia.

Faharasa ikishakuwa nzima, bado kuna sanaa ya kuiuliza, na hapa ndipo ninapowasihi wakufunzi wakae muda mrefu darasani. apropos inalinganisha herufi tu, haielewi maana. Mwanafunzi anayetafuta jinsi ya kufuta faili huandika "apropos delete", na rm haitokei, kwa sababu mstari wake unasema "remove files or directories". Anayetafuta orodha ya vilivyomo kwenye folda huandika "folder", na ls haitokei. Neno la Unix ni "directory". Mgumu zaidi ni ruhusa za faili. Mwanafunzi huandika "permission" akitarajia chmod, lakini chmod ya sehemu ya 1 imeelezwa kuwa "change file mode bits". Mashine yenye pakeji ya manpages-dev itamwonyesha chmod (2), "change permissions of a file", ambayo ni ya waandishi wa programu. Aliye makini ataona jina hilo na kujaribu man 1 chmod. Asiye nayo ataambulia patupu. Nafasi iliyobaki kwenye diski ni "space", na hutoa df na du. Kusimamisha programu iliyokwama ni "signal" na "process", kwa kuwa kill imeelezwa kuwa "send a signal to a process".

Maneno kama haya hayazidi ishirini au thelathini kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Yaandikwe kwenye karatasi ya manila, upande mmoja Kiswahili, upande wa pili neno la faharasa: futa ni remove, folda ni directory, ruhusa ni mode, nafasi ni space, mtumiaji ni user, pangilia ni sort. Ibandikwe ukutani karibu na swichi ya umeme ambako kila mtu hupita. Karatasi hiyo itafanya kazi kubwa kuliko mhadhara.

Kisha afundishwe kupunguza kelele. Maneno mawili yakiandikwa bila kitu kingine, apropos huleta kurasa zenye neno lolote kati ya hayo, na orodha hujaa skrini mara tano. Herufi a hudai yote yawepo, na s huchagua sehemu. Kwa mfano:

apropos -a -s 1 copy files

Kwenye mashine ya kawaida utaona mistari michache tu, kama ya cp, cpio na install. Linganisha na ile isiyo na -a wala -s, uone tofauti. Anayejifunza usimamizi wa mfumo atumie -s 1,8 ili kurasa za sehemu ya 3, hasa za Perl, lugha ya kuandikia programu, zisimzibe macho. Mistari ikikatwa pembeni kwa udogo wa dirisha, -l huionyesha mizima. Na jina likiwa kwenye sehemu mbili, whatis huliweka wazi:

passwd (1) - change user password
passwd (5) - the password file

Wa kwanza ni amri ya kubadilisha nenosiri, wa pili ni maelezo ya faili ya /etc/passwd. Anayeandika man passwd hupata wa kwanza siku zote. Wa pili huufikia kwa man 5 passwd. Maswali mengi ya mazoezi kuhusu maana ya zile nukta mbili ndani ya /etc/passwd yanajibiwa na ukurasa huo wa 5, lakini asiyejua namba hauoni.

Ikishindikana kabisa kuna man -K kwa herufi kubwa, inayosoma maandishi yote ya kurasa zote. Haitumii faharasa, kwa hivyo ni ya polepole mno; ukiongeza w, yaani man -Kw neno, angalau itakupa majina ya faili badala ya kukufungulia ukurasa mmoja mmoja.

Nimebakisha jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye faida kubwa zaidi kwetu. Faharasa hii haijali lugha. Kila maabara ina skripti zake: ya kunakili kazi za wanafunzi kwenye seva, ya kuwasha printa, ya kusafisha diski mwisho wa muhula. Maelezo yake hukaa kichwani mwa fundi mmoja, naye akihamia Eldoret maelezo huhama naye. Andikeni kurasa zake kwa Kiswahili. Huu hapa mfano kamili:

.TH HIFADHI-KAZI 1
.SH NAME
hifadhi-kazi \- nakili kazi za wanafunzi kwenye seva ya maabara
.SH MATUMIZI
hifadhi-kazi JINA-LA-DARASA
.SH MAELEZO
Hunakili folda ya darasa lililotajwa hadi kwenye seva.
Seva ikiwa imezimwa, amri husimama bila kufuta chochote.

Hifadhi faili kwa jina hifadhi-kazi.1. Kichwa NAME kiache kwa Kiingereza, kwani mandb hutafuta vichwa maalumu inavyovitambua. Vingine vyote andika utakavyo. Kati ya jina na maelezo weka nafasi, mkwaju wa nyuma, kistari, nafasi. Wanaoandika kwa programu ya ofisi hupata kistari kirefu kilichobadilishwa chenyewe, na ukurasa hukataliwa kwa onyo la "whatis parse" kushindwa. Tumieni nano au kihariri kingine cha maandishi matupu. Iliyoandikwa kwenye Windows husafishwa mwisho wa mistari kwa sed -i 's/\r$//' hifadhi-kazi.1. Kabla ya kuisakinisha ijaribu:

lexgrog hifadhi-kazi.1
man -l hifadhi-kazi.1

Ya kwanza huonyesha mstari utakaoingia kwenye faharasa, au husema "parse failed". Ya pili huonyesha ukurasa ulivyopangwa. Ukiridhika:

sudo mkdir -p /usr/local/share/man/man1
sudo install -m 644 hifadhi-kazi.1 /usr/local/share/man/man1/
sudo mandb

Safari hii bila -c, kwa sababu unaongeza tu. Namba ya mwisho wa jina la faili ilingane na saraka: hifadhi-kazi.1 ikiwekwa ndani ya man8, mandb itaipuuza na kuiita "bogus filename". Sasa andika "apropos seva" na mstari wako utatokea, kwa Kiswahili, kati ya kurasa zote za mashine hiyo. Anayetaka kutafsiri kurasa za amri za kawaida anayo nafasi yake pia: saraka ya sw ndani ya /usr/local/share/man, ikiwa na man1 yake, kama ambavyo Wajerumani wana de na Wafaransa wana fr. mandb hujengea kila lugha faharasa yake. Kwa skripti za maabara, lakini, ningeziweka kwenye man1 ya kawaida, ili zionekane hata kwa mashine iliyowekwa Kiingereza.

Vyuo vinapopokea kompyuta, mpya au za msaada, huwa na fomu ya kukagua kibodi, skrini na diski. Iongezwe nafasi ya jibu la apropos . | wc -l, namba iandikwe kwa kalamu mkabala na namba ya mashine, na ipimwe tena kila muhula unapofunguliwa. Mashine iliyoshuka irudishwe kwa fundi siku hiyo hiyo, wanafunzi wakiwa bado njiani.

Mkufunzi wa mifumo ya kompyuta,
Kisumu